Sindano ya dume haimuongezei udume

Nimesoma makala moja ambayo mwandishi wake ameeleza vizuri habari ya steroidi, dawa za kuongeza misuli na nguvu, kwenye mbio za farasi, ila pale aliposema farasi dume akichomwa testosteroni, homoni ya kiume, "anazidi kuwa dume", hapo kateleza. Ni kinyume chake.

Nilitunza farasi Dubai miaka kadhaa. Tulikuwa na dume mmoja aliyechomwa sindano hizo kabla hajaletwa kwetu. Akiona jike anapiga kwato, anakoroma, anapanda bila kusita. Majike wakapimwa baadaye: hakuna hata mmoja mwenye mimba. Daktari alipomshika korodani akatikisa kichwa, zimesinyaa na kulegea kama embe lililokaa juani.

Sababu yake ni hii: ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, unaacha kutuma amri kwa korodani. Nazo zinapunguza kazi, testosteroni ya ndani ya korodani zenyewe, ile inayokuza mbegu, inashuka. Hamu inabaki, mbegu hazipo. Na mbegu ya farasi huchukua siku 57 hivi kutengenezwa, kwa hiyo leo ukisitisha sindano usitarajie mabadiliko wiki ijayo. Ni miezi, tena kama una bahati.

Mwaka 2013 kule Newmarket, Uingereza, mkufunzi Mahmood Al Zarooni alifungiwa miaka 8 kwa kuwapa farasi wake steroidi. Watu walizungumzia mbio tu. Mimi nilikuwa nawaza madume wale watakapopelekwa kuzalisha, maana fedha kubwa ya farasi iko huko, si kwenye kombe.