Mishumaa minne na karatasi ya mteja

Juzi nilimwonyesha baba mdogo kichekesho cha Kiingereza nikiwa na hakika hatakielewa. Kiingereza chake ni cha salamu na majina ya vifaa, basi. Nilikaa pembeni yake tayari kutafsiri, na kusema kweli nilijiona mjuzi kidogo. Akacheka kabla yangu.

Waingereza wanakiita "Four Candles". Ni cha The Two Ronnies, yaani wachekeshaji Ronnie Barker na Ronnie Corbett, na kilionyeshwa BBC mwaka 1976. Corbett, yule mfupi, yuko nyuma ya kaunta ya duka la hadiwea. Barker ni mteja, ameshika orodha yake mkononi. Anaomba "four candles". Corbett anamwekea mishumaa minne. Siyo hiyo, anasema mteja, nataka "fork handles", yaani mipini ya jembe uma. Barker anaongea kama Waingereza wengi wa mtaani wasiohangaika na h, kwa hiyo mishumaa na mipini inatoka mdomoni kwa sauti ileile.

Hapo Mswahili hahitaji darasa. Sisi tuna "ana" na "hana". Mtu mwenye ulimi wa kumeza h akikwambia shemeji yako ana pesa, usikimbilie kumkopa. Na kila uchaguzi lazima atokee mtu wa kuomba "kula" zenu.

Lakini nina ugomvi kidogo na watazamaji wanaosifia kichekesho hiki kwa ufundi wa maneno peke yake. Kama ni maneno tu, ukishayajua utani umekwisha. Mbona watu wanaokijua neno kwa neno bado wanakirudia? Mimi nimekitazama mara nyingi, na siku hizi simsikilizi Barker hata kidogo. Namtazama Corbett. Mteja anataka kizibo cha mpira cha bafuni. Corbett anashusha boksi zima la vizibo vya beseni, anauliza saizi. Ampea 13. Kumbe ni plagi ya umeme! Kwa Kiingereza kizibo na plagi vyote ni "plug". Halafu linakuja suala la "O". Analeta jembe ("hoe"), siyo. Mpira wa maji ("hose"), siyo. Ni herufi O za kubandika getini. Boksi la herufi likarudishwa mahali pake, mteja sasa anataka "P". Corbett, huku amekereka, anauliza kwa nini hakusema wakati boksi liko chini, analifuata tena. Kumbe safari hii ni njegere ("peas") za kopo.

Uso wa Corbett hapo ndio kichekesho chenyewe. Hapigi kelele. Anavuta pumzi tu, anashusha, anarudisha, anaanza kuhisi anachezewa. Mteja naye hana ubaya wowote, anashangaa tu mbona huduma ni ngumu hivi.

Baba mdogo amesimama kaunta ya hadiwea miaka zaidi ya ishirini. Aliyamudu yote hayo bila msaada wangu. Kila boksi likishuka anapiga paja: "Atarudisha hilo! Wewe tazama, atarudisha!" Ananisimulia kuhusu mteja wake aliyetaka koki, akatolewa koki za kila aina, kumbe alitaka ile mipira midogo ya ndani. Nilipomwambia kwamba wazo la Barker lilitoka kwa wenye duka halisi la hadiwea, huko Hayes, magharibi mwa London, waliomwandikia kuhusu mikanganyiko ya wateja wao, hakushangaa. Angeshangaa kama lingetoka kwingine.

Waingereza wenyewe wamekifanya karibu kama cha ukoo. Barker alifariki mwaka 2005, na kwenye ibada ya kumkumbuka katika kanisa la Westminster Abbey mwaka uliofuata, msafara ulibeba mishumaa minne badala ya miwili ya kawaida. Nadhani ni heshima nzuri kuliko sanamu. Oxford, mji aliokulia, kuna baa inaitwa The Four Candles. Zile karatasi alizoandikia mchezo kwa mkono ziliuzwa mnadani mwaka 2007 kwa zaidi ya pauni 40,000.

Tukirudi kwenye karatasi: katikati ya mchezo baba mdogo aliacha kucheka, akaanza kumgombeza Corbett. "Si achukue hiyo karatasi asome mwenyewe! Karatasi ipo!" Na kweli, mwishowe Corbett anaidai orodha. Anaisoma, anakasirika kupita kiasi, anamwita mwenzake wa ndani aje ahudumie. Mwenzake anaipitia, anamuuliza mteja anataka "billhooks" za aina gani. Watu ukumbini wanavunjika mbavu.

Kwangu mwisho huo ni dhaifu. Unategemea neno moja linalofanana na tusi la Kiingereza, baada ya dakika kadhaa za kazi safi. Walipoupeleka mchezo jukwaani waliubadilisha, kwa hiyo siko peke yangu.

Baba mdogo alikuwa amenyamaza. "Sasa huyu kakasirikia nini?"

Nikamweleza: kitu chenyewe ni mundu tu wa kufyekea matawi, ila jina lake linakaribiana na tusi, na Corbett akadhani anatukanwa.

Akafikiri kidogo. "Mundu? Mimi ningemuuzia."