Haihusiani na Mkanda

Ninaomba mtu anieleze ni vipi gari linaweza kuingia gereji bila kosa lolote zaidi ya kufikisha kilomita 100,000, likatoka na mkanda mpya wa taimingi, kisha likaanza maradhi ambayo halikuwa nayo tangu lishuke bandarini, na fundi bado akaapa mbele ya mashahidi kwamba maradhi hayo hayahusiani na mkanda.

Gari lenyewe ni Subaru Forester ya tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi, yenye ile injini ya EJ20 iliyolala, silinda mbili kulia na mbili kushoto. Mkanda mmoja huzungusha kemshafti zote nne, yaani mihimili inayofungua na kufunga valvu, pamoja na pampu ya maji, na ukikatika njiani, pistoni hukutana na valvu katika kikao ambacho ajenda yake ya mwisho huwa ni michango ya ndugu. Kwa kuliogopa hilo nililipa mapema, nikanunua tenshena ya kukaza mkanda, beringi na pampu mpya, maana aliyekwisha kufungua sehemu hiyo hana sababu ya kurudi kesho kufungua tena.

Taa ya injini iliwaka siku iliyofuata. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ilikuwa ikipanda na kushuka, na katika mwinuko wa Pugu nilipitwa na daladala lililojaa hadi mlangoni, nami nimekanyaga mafuta mpaka mwisho. Fundi akasema, "Bosi, hizo ni plagi, hazihusiani na mkanda." Nikabadilisha plagi. Akasema ni mafuta ya siku hizi.

Kijana mmoja mwenye kompyuta ndiye aliyegundua kwamba krenkshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, na kemshafti haziafikiani: mkanda ulikuwa umefungwa ukiwa umepishana jino moja. Binadamu ana meno 32, akipoteza moja anaendelea kula mishikaki bila mtu kujua. Injini ikipishana jino moja, valvu hufunguka na kufunga nje ya wakati wake, na nguvu zote huishia kwenye kelele.

Kijana huyohuyo akaonyesha bomba la hewa ya tabo ambalo klipu yake haikukazwa, ndiyo maana kila nikikanyaga kulikuwa na mluzi. Hewa ikishapimwa na sensa kisha ikavujia njiani, injini humwaga petroli kwa ajili ya hewa ambayo haikufika, na moshi mweusi unaotoka nyuma ni mshahara wangu. Mshale wa joto nao ulikuwa ukipanda kwa sababu baada ya kufunga pampu hakuna aliyetoa hewa iliyobaki kwenye mfumo wa maji. Dawa ya fundi kwa tatizo hilo ilikuwa kung'oa thamostati, kifaa kinachozuia maji kwenda kupoa kabla injini haijapata joto, eti Dar es Salaam kuna joto la kutosha.

Majirani nao hawajanipumzisha. Nikizima gari, kuna mzee hukohoa dirishani kunikumbusha kwamba tabo haizimwi ghafla. Ni kweli: mhimili wake huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na ukizima ukiwa bado wa moto, oili iliyosimama ndani huungua ikawa masizi. Lakini mimi natoka Posta hadi Ubungo kwenye foleni ambayo hata mwenda kwa miguu hunipita. Tabo hiyo haijaamka tangu asubuhi, sasa niipoze kutoka wapi? Hata hivyo hukaa dakika mbili nikiunguza petroli, kwa heshima ya mzee.

Nilipompelekea fundi majibu ya kompyuta, aliyatazama kwa muda mrefu, akauliza kama siku hizi nimepita kwenye matuta kwa kasi, kwa kuwa jino huweza kuruka lenyewe. Amekubali kulirudisha mahali pake, ila ufundi ulipwe upya, na ameniagiza nije na oili nzito ya 20W-50, kwa sababu ile nyepesi niliyoweka, kwa maoni yake, ndiyo inayoleta mluzi.