Vihisi vya nyuzi za kioo: usahihi utafutwe wapi?

Kihisi cha gretingi ya Bragg ni kipande kifupi cha uzi wa kioo ambacho kiini chake kimechorwa, kwa miali ya urujuanimno, mistari mingi iliyopangana sawasawa. Mwanga ukipita humo, mistari hurudisha wimbi la urefu mmoja tu. Uzi ukivutika au ukipata joto, urefu huo hubadilika, na badiliko hilo ndilo tunalolipima.

Wengi wanaotafuta usahihi zaidi huanzia kwenye mashine ya kusoma, yaani chombo kinachopima urefu wa wimbi linalorudi, na hawakosi hoja. Ukikifuata kilele cha mwanga unaorudi kwa kuchukua nukta ya juu kabisa, kelele kidogo tu hukihamisha. Ukililinganisha umbo zima la kilele na mkunjo wa Gauss, wenye umbo la kengele, usomaji hutulia. Mashine iliyo na kichupa cha gesi ya asetilini huweza kujirekebisha pia, kwa kuwa gesi hiyo hufyonza mwanga kwenye mawimbi yanayojulikana barabara.

Hata hivyo, kuona badiliko dogo si sawa na kupima kwa usahihi. Tuchukue wimbi la nanomita 1550. Uzi ukirefuka kwa sehemu moja ya milioni, wimbi husogea takriban pikomita 1.2 (pikomita ni sehemu ya elfu ya nanomita). Joto likipanda nyuzi 1 tu ya Selsiasi, husogea pikomita 10 hivi, yaani sawa na mvuto wa sehemu 8 za milioni. Uzi ukibandikwa kwa gundi kwenye chuma hali huwa mbaya zaidi, maana chuma chenyewe hutanuka na kuuvuta: jumla hupita pikomita 20 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Basi mashine inayosoma sehemu ya kumi ya pikomita itasaidia nini, kama joto la pale hatulijui?

Gundi nayo ina lake. Ikiwa laini au nene mno, haifikishi mvuto wote kwenye uzi. Ikilegea polepole, namba huhama ilhali chuma hakijasogea.

Kwenye mitetemo nakubaliana na wanaoanzia kwenye mashine: joto hubadilika taratibu, mtetemo ni wa haraka, kwa hiyo mashine tulivu na yenye kasi hulipa. Kwa vipimo vya miezi na miaka, ningeweka kwanza gretingi ya pili isiyovutwa, ihisi joto pekee, kisha nitoe athari yake kwenye hesabu. Lakini iguse chuma kilekile, bila kubandikwa. Ikining'inia hewani pembeni, itapima joto la hewa, na marekebisho yenyewe yatazaa kosa jipya.