Betri za magnesiamu: wingi wa madini si hoja

Aliyesoma kemia sekondari anaukumbuka utepe wa magnesiamu. Kabla ya kuushika kwa koleo na kuupeleka motoni, mwalimu alikuagiza uusugue kwa msasa mpaka ung'ae, kwa sababu metali hiyo ikikaa hewani hujivika utando wa oksaidi, na usipouondoa utepe hauwaki vizuri. Nimeanza na utando huo kwa makusudi. Mjadala wa betri za magnesiamu, zinazotajwa siku hizi kama mrithi wa lithiamu, kila ukiufuata unakurudisha hapo.

Wanaoitetea magnesiamu wana hoja nzito, na sitaki kuzipunja. Kwanza ni wingi wake. Chota maji ya bahari debe moja la lita 20, na ndani yake mna gramu 26 hivi za magnesiamu. Lithiamu iliyomo katika debe hilohilo haifiki miligramu 4. Halafu kuna chaji. Ioni ya lithiamu hubeba chaji moja, ya magnesiamu hubeba mbili, hivyo sentimita moja ya ujazo ya magnesiamu inaweza kuhifadhi miliampia-saa (kipimo cha chaji) 3,833, wakati lithiamu tupu ya ujazo huo huishia 2,060 hivi. Na kuna usalama: lithiamu tupu ikichajiwa huota vijisindano vinavyoweza kutoboa kizuizi cha katikati na kupiga shoti. Magnesiamu hujipanga kwa utulivu zaidi, ingawa majaribio ya miaka ya karibuni yameonyesha kwamba nayo huota vijisindano ikisukumwa na mkondo mkali.

Wala si ndoto za vitabuni. Mwaka 2000 timu ya Doron Aurbach wa Chuo Kikuu cha Bar-Ilan, Israeli, ilionyesha betri ya magnesiamu iliyochajiwa na kutumika zaidi ya mara 2,000. Betri nyingi za simu hazifiki huko. Kwa nini basi, robo karne baadaye, huikuti dukani?

Tazama volti. Betri ile ilitoa volti 1.1 hivi, na ya simu yako ina volti 3.7. Nishati ni chaji mara volti, kwa hiyo chaji maradufu kwa chini ya theluthi moja ya volti ni hasara. Hesabu hiyo ndiyo inayoachwa nje kila mara habari za magnesiamu zinapoandikwa kwa shangwe.

Sasa turudi kwenye utando. Ndani ya betri ya lithiamu pia hujengeka utando juu ya upande hasi, lakini ule hupitisha ioni kama chujio, na kwa kweli ndio unaoilinda betri. Wa magnesiamu huziba. Ukitumia kimiminika cha kawaida cha betri za lithiamu, metali inafunikwa, ioni hazitoki wala haziingii, na betri imekufa. Ndiyo maana Aurbach na wenzake walilazimika kutumia kimiminika cha jamii ya etha, ambacho hakijengi utando huo. Lakini etha huvukiza upesi na hushika moto kwa urahisi, na mchanganyiko ule haukustahimili volti kubwa. Ukitatua utando, unapoteza sehemu ya usalama uliokuwa unajivunia.

Upande chanya nao una shida yake. Chaji zile mbili zilizokuwa sifa zinageuka mzigo: ioni ikiingia ndani ya fuwele huvutwa kwa nguvu na kila kilicho karibu nayo, ikatambaa pale ambapo lithiamu ingeteleza. Kuna maendeleo, na yananipa matumaini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong walitangaza mwanzoni mwa 2024 betri ya magnesiamu inayofikia volti 2.4. Hata hivyo maabara si kiwanda. Kampuni ya Pellion, iliyozaliwa katika chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2009 kwa ajili ya magnesiamu, ilihamia lithiamu, kisha ikafungwa 2019.

Hata hoja ya wingi inahitaji kuchunguzwa upya. Maji ya bahari ni ya kila mwenye pwani, ila magnesiamu yenyewe, ile metali, sehemu yake kubwa kupita kiasi hutoka China, ambako mawe ya dolomaiti huokwa kwenye tanuru kwa joto la nyuzi 1,200 hivi, mara nyingi kwa makaa ya mawe. Mwaka 2021 China ilipobana umeme, matanuru mengi ya mkoa wa Shaanxi yalizimwa, na viwanda vya Ulaya vikaingiwa na hofu ndani ya wiki chache. Anayeikimbia lithiamu ili asitegemee nchi moja atakuwa amejipeleka kwa nchi hiyohiyo.

Kwetu jambo hili lina jina la mahali: Manono, mkoani Tanganyika, Kongo. Mji huo uliochimbwa bati tangu enzi za Wabelgiji umekalia hazina kubwa sana ya lithiamu, na zipo sauti zinazosema iuzwe haraka, kwa masharti yoyote, kabla magnesiamu haijaishusha thamani. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Bei ya lithiamu kaboneti iliporomoka kutoka zaidi ya dola 70,000 kwa tani mwishoni mwa 2022 hadi karibu dola 10,000 mwaka 2024, bila betri hata moja ya magnesiamu ya kuchajiwa kuwa sokoni. Iliangushwa zaidi na migodi mipya iliyofunguliwa kwa pupa.

Kama kuna mshindani wa kumwangalia leo, ni sodiamu, ile ya kwenye chumvi. Ina chaji moja kama lithiamu, betri zake zinaweza kutengenezwa kwa mitambo inayofanana na iliyopo, na kampuni ya betri ya CATL ya China ilizindua za kwake mwaka 2021. Magnesiamu iendelee kupewa fedha za utafiti, na nyingi kuliko sasa. Lakini wanaojadili mikataba ya Manono wakiletewa hoja ya magnesiamu mezani, waulize kwanza: volti ngapi, imechajiwa mara ngapi, na nani anaiuza?