Uliza Bei Kabla ya Kusimulia

Siku hizi Nairobi aibu ya kumwona mwanasaikolojia imepungua. Vijana hulitaja jambo hilo hata ndani ya matatu. Kinachowarudisha wengi nyuma ni pesa, tena si pesa tu, ni kutojua watatozwa ngapi. Tovuti za kliniki zimejaa picha za makochi na watu wanaotabasamu, lakini bei huioni. Unaambiwa upige simu. Ukipiga, unajikuta umeshaanza kumweleza mtu wa mapokezi masaibu yako, na ukifika hapo, kuuliza "ni ngapi?" kunaonekana kama utovu wa adabu.

Mimi nasema swali hilo litangulie salamu zikiisha. Na usiulize bei ya kikao kimoja pekee.

Kikao cha dakika 50 au saa moja katika kliniki binafsi hugharimu maelfu. Tuseme 3,500. Mtu akisikia 3,500 hujiambia, hiyo naiweza. Lakini vikao kwa kawaida ni vya kila wiki, na hata tiba ya utambuzi na tabia, ya kukusaidia kubadili namna unavyofikiri na kutenda, inayohesabiwa kuwa fupi, mara nyingi huchukua vikao kati ya 6 na 20. Vikao 12 ni shilingi 42,000. Bado hujaweka nauli ya kutoka Kitengela, wala nusu siku utakayoiombea ruhusa kazini. Anayeanza kwa pupa mwezi wa mshahara huishia njiani, kidonda kimefunguliwa na hakijafungwa. Afadhali kukubaliana na mshauri tangu mwanzo mkutane kila wiki mbili, ikiwa hali yako inaruhusu.

Wenye bima wasijipe moyo haraka. Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inakataza kampuni za bima kumbagua mtu kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Hata hivyo, soma mkataba wako: je, unalipia mazungumzo na mwanasaikolojia, au daktari na dawa tu? Je, mkataba unataka barua ya daktari kwanza? Na kazini, nani ataona madai yako?

Asiye na bima aanzie hospitali za umma. Jina la Mathari, hospitali ya umma ya magonjwa ya akili jijini Nairobi, bado watu wanalitumia kama tusi, upuuzi mtupu, ilhali pale kuna kliniki ya wagonjwa wa nje na gharama yake haikaribii ya kliniki binafsi. Foleni ni ndefu, hilo sikatai. Pia kuna wanafunzi wa ushauri nasaha wanaohudumia watu kwa ada ndogo chini ya msimamizi. Binafsi ningemchagua mwanafunzi anayesimamiwa kuliko "kocha wa maisha" wa mtandaoni asiyesajiliwa popote. Sheria ya mwaka 2014 inataka washauri na wanasaikolojia wasajiliwe, kwa hiyo kuomba nambari ya usajili si dharau.

Vikao vya video huokoa nauli, ila vinataka bando na chumba. Ukiishi chumba kimoja na mwenzako, utamsema vipi naye yuko hapo kitandani?

Halafu kuna suala la kughairi. Washauri wengi hutoza kikao kizima usipotoa taarifa saa 24 mapema. Sioni ubaya, saa ile ilikuwa yako. Lakini uambiwe kabla hujatuma M-Pesa ya kwanza, na mshauri anayekasirika ukimuuliza hayo, mwache, tafuta mwingine.