Usajili wa kijana si habari yetu ya kutangaza

Mwaka juzi kijana mmoja tuliyemlea katika timu yetu ya mtaani hapa Mwanga, Kigoma, alirudi nyumbani kwa treni baada ya kukaa wiki tatu kwenye majaribio katika klabu moja ya mbali. Alikuwa na umri wa miaka 17. Uwanjani hakuwa ameshindwa, kwani mwalimu wa klabu ile alimtaka, viongozi walikwisha kuzungumza na baba yake kwa simu, na kilichobaki ilikuwa barua tu ya kwenda kwa timu iliyokuwa na mkataba naye. Kabla barua hiyo haijaandikwa, mtu wa hapa kwetu, ambaye hadi leo naamini hakuwa na nia mbaya, alipata picha ya kijana akiwa amevaa jezi ya mazoezi ya wenyeji wake, akaiweka kwenye kundi la WhatsApp na kuandika kwamba dili limekamilika. Jioni ile ile picha ilikuwa Facebook na Instagram. Viongozi wa timu yake wakaona wameibiwa, wakapandisha bei na kutishia kushtaki. Klabu iliyomtaka ikaogopa kesi, ikamchukua mchezaji mwingine anayecheza nafasi hiyo hiyo.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao najua wenzangu wengi hawaupendi: habari ya usajili ni mali ya mchezaji na klabu zinazohusika mpaka saini ziwekwe, na sisi wengine wote, tuwe jamaa, walimu wake wa zamani, waandishi au mashabiki, hatuna haki ya kuitangaza hata kama tunaijua kwa uhakika.

Wapo wanaosema kwamba mpira ni wa watu na kwamba tetesi ndizo raha ya dirisha la usajili. Raha hiyo naielewa, na sina ugomvi na anayebashiri kuhusu mchezaji mkubwa mwenye wakala, mwanasheria na akiba benki. Lakini tuangalie kanuni zenyewe. Kanuni za FIFA za Hadhi na Uhamisho wa Wachezaji zinaitaka klabu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba iijulishe kwa maandishi klabu yake kabla ya kuanza mazungumzo naye, na mchezaji huyo yuko huru kusaini kwingine pale tu mkataba wake unapokuwa umekwisha au umebakiza miezi 6 au pungufu. Kwa hiyo picha ya kijana ndani ya jezi ya watu, ikiwa na tarehe yake, inaweza kugeuka ushahidi mezani kwa kamati inayosikiliza migogoro ya usajili. Aliyeiweka alidhani anampongeza kijana, kumbe amewapa wanaobishana naye karatasi ya kumshtakia.

Mambo hayakuishia hapo, na kilichofuata kiliniumiza kuliko dili lenyewe. Wale wale waliomwandikia pongezi ndio walioanza kumwandikia kejeli aliporudi, wakimwita mchezaji wa picha, na mama yake, anayeuza dagaa Kibirizi, akawa anaonyeshwa simu na wateja ili asome wanachosema watu kuhusu mwanawe. Kijana hakukanyaga uwanja kwa karibu miezi miwili. Nilikwenda kwao mara tatu, na mara zote mbili za mwanzo alikataa kutoka chumbani. Miguu yake ilikuwa mizima kabisa. Alichokuwa anakikimbia ni macho ya watu waliokwisha kumsajili mtandaoni.

Hata wachezaji waliokomaa hawasalimiki. Desemba 2022 Feisal Salum alipotaka kuondoka Yanga, suala lilikuwa la kisheria kabisa, yaani kama mkataba ulivunjwa kwa utaratibu au la, na Kamati ya Sheria, Katiba na Hadhi za Wachezaji ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Jambo la namna hiyo lilipaswa kubaki kwa wanasheria. Badala yake lilichukua miezi likijadiliwa kwenye simu za nchi nzima, familia yake ikaingizwa katika mjadala, na watu ambao hawajawahi kuuona ukurasa hata mmoja wa mkataba huo wakatoa hukumu kwa matusi. Mwishowe, katikati ya mwaka 2023, klabu zilikaa zikaelewana na mchezaji akaenda Azam. Makubaliano yalipatikana mezani, wala sioni ni tusi gani kati ya yale lililoyaharakisha hata kwa siku moja.

Hapa Kigoma tulizoea kuyatazama mambo haya kwa mbali, kama watu wa mwisho wa reli wanaosubiri magazeti. Hali hiyo imekwisha. Julai 2021 fainali ya Simba na Yanga ya Kombe la Shirikisho ilichezwa hapa hapa kwenye uwanja wa Lake Tanganyika, na tangu mwaka 2023 timu ya Mashujaa inacheza Ligi Kuu nyumbani kwetu. Mchezaji tunayemtukana mtandaoni usiku tunaweza kukutana naye asubuhi sokoni Mwanga. Nimesoma chini ya picha za wachezaji walioagwa na klabu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mengine yakigusa kabila, mengine yakigusa wazazi, na yote yameandikwa kwa mtu ambaye mkataba wake umekwisha na anatafuta pa kulishia watoto. Julai 2021 Waingereza walishuhudia Bukayo Saka, aliyekuwa na miaka 19, akimwagiwa matusi ya rangi ya ngozi yake kwa sababu alikosa penalti katika fainali ya Euro. Tuliwashangaa. Sioni tofauti kubwa kati yao na mtu wa Ujiji anayemtukania mama mchezaji kwa kuwa amehama, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo haimwangalii shabiki kwa jicho la huruma eti kwa sababu ni shabiki.

Vijana wenyewe nao wana sehemu yao, na hapa nazungumza nao kama kaka. Video zako ziweke, kwa sababu wasaka vipaji kweli wanazitazama, lakini weka mchezo mrefu unaoonyesha pia unapopoteza mpira na unachofanya baada ya kuupoteza, taja tarehe, wapinzani na namba ya jezi yako, kisha nyamaza. Usiandike mafumbo ya kuaga wakati una mkataba. Usimjibu shabiki. Ukikosa nafasi kikosini, mfuate mwalimu ofisini, usiulalamikie ukurasa wako. Sipendi tabia ya baadhi ya viongozi ya kumhukumu mtu wa miaka 20 kwa upuuzi aliouandika akiwa na miaka 14, naiona si haki, lakini wanaifanya, kwa hiyo pitia ulichowahi kuandika kabla wao hawajakipitia.

Namba ya simu ni jambo jingine. Kijana akiianika hadharani, ndani ya wiki atapigiwa na mtu anayejiita wakala na kudai ada ya viza au ya majaribio ng'ambo. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, ambayo tangu mwaka 2023 hupatikana kwa kufaulu mtihani, na jina lake linaweza kutafutwa kwenye orodha ya FIFA yenyewe. Kwa mchezaji ambaye bado ni mtoto, hawezi hata kumkaribia bila idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi. Isitoshe, uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 umekatazwa isipokuwa kwa sababu chache sana. Mojawapo inatuhusu sisi tunaopakana na Burundi: nyumba ya mtoto isiwe zaidi ya kilomita 50 kutoka mpakani, klabu nayo iwe ndani ya kilomita 50 upande wa pili, mtoto aendelee kulala kwao, na mashirikisho ya nchi zote mbili yakubali. Anayemwahidi mtoto wa Kigoma timu ya Ulaya akiwa na miaka 15 anataka fedha za mzazi tu.

Kuna jambo ambalo timu zetu za mitaani hazilitilii maanani kwa sababu zimeshughulika mno na picha. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hugawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Misimu ya miaka 12 hadi 15 kila mmoja una robo ya asilimia 1, na inayofuata kila mmoja nusu asilimia. Timu iliyokaa naye misimu hiyo minne ya mwanzo inastahili asilimia 1 ya mauzo. Kwa timu inayofanya mazoezi na mipira miwili hizo si fedha ndogo, lakini hulipwa kwa klabu iliyomwandikisha mtoto rasmi. Nimeona walimu wenye mamia ya picha za wachezaji wao wa zamani kwenye simu na hawana fomu hata moja ya usajili. Picha hizo haziwasaidii kitu siku ya kudai.

Katika timu yetu tumekubaliana sasa, na wazazi wametia saini, kwamba kijana akienda kwenye majaribio hakuna anayeandika popote: si kocha, si mwenyekiti, si kaka yake. Picha ya kuagana stendi au stesheni inapigwa na kubaki kwenye albamu ya mama. Akisaini, tunasubiri klabu iliyomchukua itangaze, ndipo nasi tunampongeza kwa kunakili tangazo hilo bila kuongeza la kwetu. Mwenyekiti alipinga, akasema tutakosa wafadhili kwa sababu hakuna atakayejua kwamba tunatoa wachezaji. Nilimjibu kwamba mfadhili aje Jumamosi saa kumi jioni awaone wakicheza. Yule kijana wa treni yupo miongoni mwao, amerudi uwanjani, na kama kuna klabu inayomfuatilia kwa sasa, hamtaisoma kwangu.