Rungu ni la Waswahili

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba rungu ni neno la Kimaasai lililoingia katika Kiswahili kupitia askari wa kikoloni, nami sikubaliani naye hata kidogo. Wamaasai wenyewe silaha hiyo huiita orinka, na katika lugha yao nomino za kiume za umoja huanza kwa sauti ya o, ilhali rungu lina wingi wake marungu na udogo wake kirungu, sawa na jicho, macho na kijicho. Tena mtazame mlinzi wa Kimaasai aketiye getini usiku: alichoshika ni kipande kimoja cha mti mgumu chenye kichwa cha mviringo kilichochongwa pamoja na mpini wake, wakati kile cha askari wa kutuliza ghasia ni kijiti cheusi kilichonyooka, kisicho na kichwa chochote, ambacho kwa maoni yangu kimepewa jina kisilolistahili. Afadhali hata rungu la Rais Moi, ambalo Wakenya walilizoea mkononi mwake na ambalo lilikuwa alama ya mamlaka tu. Je, wasomaji wa Lamu na Pemba, huko kwenu rungu na gongo (la kupigia, si la kunywa) hutofautishwa vipi?